Shajara ya mradi: kukitafutia kifaa cha maziwa nafasi gazetini na redioni, Tanga, Machi hadi Juni 2024

Naandika shajara hii kwa wenzangu wanaofanya kazi ya mahusiano ya umma mikoani, hasa waliopokea mteja wa teknolojia kwa mara ya kwanza wakajikuta hawajui waanzie wapi. Ofisi yetu ni watu wawili, chumba kimoja Ngamiani, Barabara ya Nane. Mteja ni vijana wanne waliotengeneza kipimajoto cha kufungwa kwenye tenki la kupozea maziwa. Ndani kina laini ya simu na betri yake. Umeme ukikatika na joto la maziwa likapita nyuzi 7, kinatuma meseji kwa mhudumu wa kituo na kwa mwenyekiti wa ushirika ili jenereta iwashwe mapema. Tulipoanza kilikuwa kimefungwa kwenye vituo vitano, upande wa Pongwe na Muheza.

Tulikubaliana tutafute habari, na tusilipie hata moja. Nafasi ya kulipia ni tangazo, kila chombo kina bei yake, na mteja angeweza kwenda kuinunua mwenyewe. Habari ni uamuzi wa mhariri. Thamani yake iko hapo: msomaji anajua kuna mtu asiye na maslahi aliyeipima kabla haijamfikia.

Ijumaa, 1 Machi

Tumetuma taarifa kwa vyombo vya habari. Anwani 62, barua pepe moja. Kufikia jioni hakuna aliyeitumia.

Makosa ni mawili na yote ni yangu. La kwanza ni la kiufundi: niliweka anwani zote mahali ambapo kila mpokeaji anawaona wenzake. Mhariri akiona ametumiwa kitu kilekile na washindani wake 61, hana sababu ya kukikimbilia. La pili ni kubwa zaidi. Mteja alitaka kichwa cha taarifa kiwe na maneno "akili mnemba" na "mapinduzi ya kidijitali", nami nikayaacha ili tusianze kazi kwa kubishana. Kifaa hiki hakina akili mnemba. Kinasoma joto, kinalinganisha na namba moja, kinatuma meseji.

Majibu yaliyokuja ni moja tu, kutoka kwa mhariri wa Dar es Salaam: "Dada, hii ni habari ya nani?" Nimeliandika swali hilo kwenye karatasi nikalibandika ukutani juu ya meza. Taarifa yetu ilikuwa na aya tisa. Ndani yake hamna mfugaji hata mmoja, hamna ng'ombe, hamna lita ya maziwa iliyomwagwa.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutano na waandishi, hoteli moja ya hapa mjini. Mteja alitaka ufanyike kabla Ramadhani haijaingia wiki ijayo, nasi tukachukua tarehe ya kwanza iliyokuwa wazi. Hatukutazama kalenda. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake Duniani, na waandishi wa Tanga walikuwa kwenye maadhimisho. Halafu ni Ijumaa, kwa hiyo hata waliofika walikuwa wanaangalia saa, wawahi kutuma kazi zao kabla ya kwenda msikitini.

Tuliandaa viti 30. Waandishi waliofika ni sita.

Gharama: ukumbi 200,000, chai na vitafunio vya watu 30 shilingi 300,000, bango 70,000. Jumla 570,000.

Kilichoniuma zaidi ni swali. Taarifa yetu ilisema kifaa kimepunguza upotevu wa maziwa kwa asilimia 70. Mwandishi mmoja kijana, amekaa nyuma, akainua mkono: "Asilimia 70 ya nini, na mmepima vipi?" Kiongozi wa mteja akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Ile namba niliikuta kwenye maelezo yao nikainakili bila kuuliza. Mwandishi akafunga daftari lake. Hakuandika, na mimi kwa nafasi yake nisingeandika.

Kwa siku nzima tulipata kutajwa mara moja kwenye taarifa ya habari ya jioni ya redio, sentensi mbili.

Jumatatu, 18 Machi

Tumekwenda Pongwe kuitafuta asilimia 70 ilikotoka. Hatua hii ilitakiwa iwe ya kwanza kabisa, kabla hata ya kufungua kompyuta.

Mama mhudumu wa kituo alitupokea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bodaboda za wafugaji zimeshajipanga na madumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaeni pale, msinizibie mwanga."

Mwanga anauhitaji. Kwa kila dumu anachota maziwa kidogo, anachanganya na alkoholi kwa kiasi sawa ndani ya kichupa cha kioo, anatikisa, anakiinamisha kuelekea dirishani. Maziwa yakiteremka laini, anapokea. Yakiacha chembechembe kwenye kioo, yameanza kuchacha, anakataa, na mfugaji anageuza na dumu lake. Baada ya hapo anatumbukiza laktomita kuangalia kama yametiwa maji. Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, kama nyuzi 38, na tenki linatakiwa liyashushe hadi 4. Umeme ukikatika usiku na mhudumu yuko kwake amelala, joto linapanda, vijidudu vinazaliana, na asubuhi gari la kiwanda likija linafanya kipimo kilekile cha kichupa. Hapo hakataliwi mfugaji mmoja. Linakataliwa tenki zima.

Kisha akatutolea daftari la kaunta lenye jalada gumu, kurasa zimeshikana kwa matone ya maziwa. Novemba 2023: tenki limekataliwa mara mbili, jumla lita 1,000. Februari 2024, baada ya kifaa kufungwa: mara moja, lita 300. Hiyo ndiyo asilimia 70. Kituo kimoja, mwezi mmoja dhidi ya mwezi mwingine.

Na kuna jambo ambalo mtu yeyote aliyeishi Tanzania mwishoni mwa 2023 analijua: mgao wa umeme. Ulikuwa mkali, kisha ukaanza kulegea, na mwishoni mwa Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Lita 700 zilizookoka zimeokolewa na kifaa au na umeme kukatika mara chache? Daftari haliwezi kujibu, na sisi hatukuwa na haki ya kujibu kwa niaba yake.

Nikamwuliza mama, basi kifaa kimembadilishia nini. Akasema zamani usiku alikuwa analala nusu. Akisikia feni imenyamaza anavaa khanga, anachukua tochi, anatembea hadi kituoni kutazama tenki, mara nyingi anakuta joto halijapanda. Sasa anaweka simu chini ya mto.

Hiyo ni stori. Nimeikuta siku ya 18 ya mradi, na ingenigharimu nauli tu.

Jumatano, 20 Machi

Tumeifuta asilimia 70. Mteja alikasirika. Alisema kila kampuni ya teknolojia inatoa namba, na asiye na namba hasikilizwi. Nikamwambia namba tunazo: lita 1,000, lita 300, kituo kimoja, miezi miwili, na mgao ukitajwa palepale. Tulivutana karibu saa mbili. Mwisho akakubali kwa sharti kwamba tuanze kupima vizuri kwenye vituo vyote.

Nimewaandikia wote 62 kusahihisha, safari hii mmojammoja. Imechukua siku nzima. Waliojibu ni wanne, na mmoja wao ni yule kijana wa swali: "Asante kwa kurudi. Mkipata kipya nipigieni."

Jumatano, 3 Aprili

Redio moja ya hapa mjini imetupa dakika 15 kwenye kipindi cha usiku baada ya futari. Ramadhani ratiba za redio zinabadilika, na watu wako nyumbani wametulia.

Dakika tano za kwanza zilipotea. Mhandisi wetu alizungumza "klaudi", "seva", "mfumo jumuishi", mtangazaji akawa anaitikia tu "eeh, eeh". Tulikuwa tumemleta na mama wa Pongwe, amekaa pembeni. Kwenye mapumziko ya tangazo nikamwomba mtangazaji amgeukie yeye. Alipoeleza habari ya kuamka usiku na tochi, simu za wasikilizaji zikaanza. Mmoja alipiga kutoka Maramba akiuliza kama kifaa kinaweza kufungwa kwenye jokofu la chanjo za mifugo.

Mhandisi hakufanya kosa. Tulimpa kazi isiyokuwa yake. Tangu siku hiyo mgeni wa kwanza kwenye maikrofoni ni mtumiaji, na mhandisi anaingia panapohitajika maelezo ya namna kinavyofanya kazi. Nauli na chakula cha mama tumevilipa sisi, na tulimweleza mapema kwamba akikipenda kifaa au akikichukia aseme vilevile.

Jumatano, 24 Aprili

Siku mbaya, na nusu yake niliitengeneza mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimwahidi mwandishi wa gazeti moja la kila siku kwamba atakuwa wa kwanza kupata stori ya Muheza. Mwenzangu, bila kujua, aliahidi jambo hilohilo kwenye televisheni. Wote wawili wakaenda, wakakutana kituoni. Ahadi ya namna hii ni mali ya mwandishi: kwa ajili yake anamwomba mhariri amwekee nafasi. Nikampigia kila mmoja kuomba radhi. Wa gazeti alinielewa, wa televisheni akakata simu. Dawa yake sasa ni daftari moja tu la ahadi, liko mezani, na hakuna anayeahidi kitu kabla hajaandika humo.

Kosa la pili ni la picha. Tulituma picha ya simu ya mhudumu ikionyesha meseji ya tahadhari. Picha nzuri, mkono wa mtu mzima, kioo kina ufa. Chini ya meseji ilionekana namba ya simu ya mwenyekiti wa ushirika, yote. Nimeiona dakika kumi baada ya kutuma. Nikapiga simu sehemu tatu kuomba ifutwe, nikatuma nyingine, nikamweleza mwenyekiti mwenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kama isingekuwepo, yule mzee alitufungulia mlango na namba yake si yetu kuigawa. Sasa kila picha anaipitia mtu ambaye hakuipiga, na kila aliyepigwa picha anaulizwa kwanza na kuonyeshwa itakayotumika.

Jambo jingine la picha, dogo ila lilitusumbua: picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, gazeti haliwezi kuzichapa kubwa. Zitume kama faili. Mpigapicha wa siku moja alitugharimu 150,000.

Gazeti halijaitoa stori. Kesho kutwa ni miaka 60 ya Muungano, kurasa zimejaa.

Jumatatu, 6 Mei

Bado. Wiki iliyopita ilikuwa ya kimbunga Hidaya. Tangu Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari, pwani nzima haikuwa na habari nyingine, na ndivyo inavyopaswa. Sikumpigia mwandishi hata mara moja siku zile. Mtu anayefuatilia kama wavuvi wamerudi salama hana nafasi ya kuulizwa stori yetu itatoka lini.

Jumatatu, 13 Mei

Jana Jumapili intaneti ilikatika. Hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaathirika, Tanzania tukiwamo. Hapa ofisini barua pepe haikufunguka, WhatsApp haikwenda.

Leo asubuhi mama wa Pongwe amepiga simu ya kawaida. "Mwanangu, usiku kimeniamsha." Umeme ulikatika saa nane na dakika arobaini usiku, meseji ikaingia, akawasha jenereta, gari la kiwanda limepokea tenki lote.

Nilikaa kimya kidogo. Kwa miezi miwili mteja alikuwa anatuomba tusitaje kwamba kifaa kinatumia meseji za kawaida. Anaona ni jambo la kizamani, litawafanya waonekane nyuma. Kumbe kifaa kimefanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Meseji inatoka kwenye laini iliyomo ndani ya kifaa, inapita kwenye minara ya kampuni ya simu, inafika kwenye simu ya mama. Haina haja ya kuvuka bahari. Ukurasa wa intaneti ambao mteja anajivunia, wenye grafu za rangi, seva yake, yaani kompyuta inayouendesha, iko nje ya nchi, na jana haukufunguka kabisa.

Nimempigia yule kijana wa swali. Nimemsomea aya nne kwa simu: nini kimetokea, wapi, kwa nini, na nani wa kuzungumza naye. Akasema nitumie kwa meseji. Nimeikata vipande, nimeituma. Saa nane mchana amefika Pongwe kwa bodaboda, ametazama meseji na saa yake, ametazama daftari la gari la kiwanda.

Mteja aliomba tusiseme ukurasa ulizimika. Hapa nilimkumbusha habari ya Ivy Lee, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilipata ajali Atlantic City. Wakati ule makampuni ya reli yalikuwa na desturi ya kuficha ajali. Yeye akawashauri watoe maelezo yao wenyewe na wawapeleke waandishi palipotokea ajali, na taarifa aliyoiandika inatajwa mara nyingi kuwa ndiyo ya kwanza ya aina yake kwa vyombo vya habari. Nikamwambia mwandishi atauliza ukurasa ulikuwaje, kwa sababu ndiyo kazi yake, na ni bora alisikie kwetu. Mhandisi akamweleza yote, pamoja na kwamba mwenyekiti mmoja wa Muheza, aliyezoea kutazama grafu tu, hakuona chochote usiku mzima.

Alhamisi, 16 Mei

Stori ya Pongwe imetoka. Nusu ukurasa, na picha ya mkono na simu yenye ufa, safari hii bila namba ya mtu. Aya ya sita inasema ukurasa ulizimika. Aya ya pili ni mama na tochi yake. Neno "mapinduzi" halimo.

Kufikia jioni redio mbili zimepiga, na mwandishi wa Kiingereza kutoka Dar es Salaam anataka kuzungumza na mhandisi kuhusu laini ya simu. Hao wote hatukuwatafuta. Waandishi wanasomana.

Jumamosi, 1 Juni

Siku ya Maziwa Duniani. Safari hii kalenda tulitazama mapema. Tumekodi Noah moja, tumewachukua waandishi wanane hadi Muheza na kurudi, 180,000 na mafuta. Chakula cha watu 11 shilingi 66,000.

Nieleze habari ya posho, maana kila mtu wa kazi hii ataulizwa. Waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kwa stori iliyotoka, na nauli wanajitolea mfukoni. Shida yao ni ya kweli, wala sitawasema vibaya. Lakini bahasha ikishaingia katikati, msomaji hajui tena anasoma uamuzi wa nani. Kwenye mwaliko tuliandika wazi: usafiri upo, chakula kipo, posho haipo. Wawili waliuliza, wakajibiwa vilevile, mmoja hakuja.

Nyongeza, baada ya tarehe 12: tumepata stori tatu. Moja imemchoma mteja. Mwandishi alizungumza na mfugaji mwanamke nje ya ratiba yetu, akaambiwa wanakatwa shilingi 10 kwa kila lita kulipia kifaa na hakuna mkutano uliowaeleza. Mteja alinipigia usiku akitaka nimwombe mhariri aiondoe. Nilikataa. Kesho yake tukaenda kuuliza: makato yapo, na kweli hawakuelezwa. Ushirika ukaitisha mkutano tarehe 12. Nilimtaarifu mwandishi tarehe hiyo, naye akaenda, akaandika pia kwamba sasa wameelezwa.

Alhamisi, 20 Juni

Hesabu. Mkutano wa 8 Machi 570,000. Mpigapicha 150,000. Noah 180,000. Chakula 66,000. Nauli za Pongwe na Muheza kwa miezi yote 96,000. Vocha na meseji 45,000. Jumla 1,107,000, mbali na kazi yetu. Zaidi ya nusu imekwenda kwenye siku moja iliyotupatia sentensi mbili redioni. Stori ya 16 Mei imetumia vocha, na bodaboda mwandishi alijilipia mwenyewe.

Mteja ameomba tupime ukubwa wa kila stori tuuzidishe kwa bei ya tangazo, ili awaonyeshe wafadhili. Nimekataa na hilo. Kanuni za Barcelona za mwaka 2010, ambazo watu wa mahusiano wa nchi nyingi walikubaliana, zinasema wazi kwamba bei ya tangazo si kipimo cha kazi hii. Nimempa orodha nyingine: vyama vya ushirika vilivyopiga simu baada ya kusoma au kusikia ni vitatu, kimoja kimeshafunga kifaa, na yule wa Maramba aliyepiga simu redioni amekuja mwenyewe ofisini na vipimo vya jokofu lake.

Kuanzia 1 Julai tutasoma madaftari ya vituo 10 kila wiki, vitano vyenye kifaa na vitano visivyo nacho, na kila kituo kitaandika saa ambazo umeme ulikatika. Mama wa Pongwe ameshachora safu mpya kwa rula kwenye daftari lake, pembeni ya ile ya kichupa.